Damu na Kicheko Chini ya Jalada Moja

Mwaka 1968 kilitoka Oxford, Uingereza, kitabu ambacho watu wengi wa Kilwa hawajawahi kukishika mkononi, ingawa ni chao. Ndani yake mna Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail, uliohaririwa na kutafsiriwa na mwanaanthropolojia Peter Lienhardt. Nguvumali alikuwa mtu wa kweli, mganga aliyevuma Tanganyika ya kusini zama za Mwingereza kwa kuwaumbua wachawi. Utenzi unahadithia mauaji, watu wanaojificha nyuma ya uchawi, na mganga anayekuja kuifukua siri yao. Weka kando tunguri na hirizi, kinachobaki ni kisa cha upelelezi: kuna maiti, kuna wanaoshukiwa, na kuna mtu mmoja mwenye jicho.

Kinachonivuta zaidi ni sauti ya mtunzi. Utenzi ni umbo ambalo pwani ililitumia kwa vita vya Mtume, mawaidha na habari za kiyama. Hasani analichukua umbo hilo zito, analitwisha mambo ya vijijini ya pwani ya kusini, na haoni haya kutania. Anayeusoma huogopa kwenye ubeti mmoja na kutabasamu kwenye ubeti wa pili. Hahisi kwamba ametolewa chumba kimoja akaingizwa kingine.

Nimeanza na utenzi huu kwa sababu ya swali ambalo waandishi wa riwaya za uhalifu wameulizwa tangu zamani. Mtu aliyejipatia jina kwa kuua watu kitabuni akiamua siku moja kuchekesha, wasomaji wake humfanyaje?

London ilijibu mwaka 1893, na jibu lilikuwa kali. Arthur Conan Doyle alikuwa tayari bwana mkubwa kwa sababu ya Sherlock Holmes. Rafiki yake J. M. Barrie, ambaye baadaye angeandika Peter Pan, alikuwa ameahidi mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo, akazidiwa, akamwomba Doyle amsaidie kuumalizia. Mchezo huo, Jane Annie, ulipanda jukwaani Savoy mwezi Mei. Ukumbi huo ulizoea michezo ya Gilbert na Sullivan iliyokwenda mamia ya usiku mfululizo. Jane Annie ulifungwa baada ya maonyesho kama 50 tu. Desemba mwaka huohuo Doyle akamtupa Holmes kwenye maporomoko ya maji ya Uswisi, na wasomaji wakafanya matanga. Wapo waliofuta uandikishaji wao wa jarida la Strand. Kwa hiyo katika mwaka mmoja aliambiwa mambo mawili: kuchekesha si kazi yako, na yule mpelelezi si wako peke yako hata umwue utakavyo.

Marekani mambo yalikwenda vingine. Donald Westlake aliandika riwaya ngumu za majambazi, kisha mwaka 1965 akatoa The Fugitive Pigeon, ambayo ilianza kwa sura ya kutisha ikamponyoka ikawa kichekesho. Alionywa kwamba vichekesho vya uhalifu haviuzi. Kiliuza kuliko vilivyokitangulia. Baadaye alijaribu kumwandikia jambazi wake Parker kisa cha kuiba kitu kilekile mara kadhaa, akagundua kwamba kila wizi ulivyoongezeka ndivyo mambo yalivyozidi kuchekesha, na Parker si mtu wa kuchekwa. Akambadilishia mhusika. Hivyo mwaka 1970 akazaliwa Dortmunder, mwizi mwenye akili nyingi na nuksi nyingi zaidi, katika The Hot Rock.

Sasa turudi kwetu. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uandishi wa habari, na miaka mingi alihariri jarida la Mkulima. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mzimu, watu wanatetemeka, polisi wanahangaika, na anatokea Bwana Msa na kiko chake mdomoni pamoja na swahiba wake Najum. Ukoo wa Bwana Msa na Holmes hauhitaji mpelelezi kuufichua. Lakini mzimu haukutoka London. Msomaji wa Kilwa, anayejua mahali ambapo hata leo watu hupita wakiwa wamenyamaza, hakuhitaji maelezo ya pembeni.

Kisha mwandishi huyu akaanza kuhama taratibu. Kisima cha Giningi ilitoka mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974. Mwaka 1975 akaja na Mke Mmoja Waume Watatu. Hebu litazame jina hilo kwa macho ya mtu wa Kivinje au Lindi mjini miaka ile. Katika miji ambayo mwanamume anaruhusiwa kuoa hadi wake wanne, na barazani hakuna mazungumzo matamu kuliko ya mitala, mwandishi anageuza meza juu chini. Kicheko kimeshaanza kabla jalada halijafunuliwa. Bwana Msa bado yumo, Najum bado anashangaa, fumbo bado lipo, ila sasa ni fumbo la ndoa.

Je, wasomaji walimgeuka? Hapana, na nadhani sababu si kwamba walikuwa wapole kuliko wa London. Doyle alipochekesha alimwacha Holmes nyumbani. Muhammed Said Abdulla alipochekesha alikwenda na Bwana Msa mkono kwa mkono. Tena alikuwa amekwisha kuwazoeza: tangu kitabu cha kwanza, mazungumzo ya Bwana Msa na Najum yana kejeli, na Spekta Seif, mtu wa serikali, kazi yake kubwa ni kuachwa nyuma. Kicheko kilikuwemo ndani ya mauaji muda wote. Mwaka 1975 kilisogezwa tu mbele. Nacho Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba hata waliotaka maiti walivumilia harusi.

Kizuizi kikubwa hakikuwa ladha ya msomaji bali njia ya kitabu kumfikia. Mke Mmoja Waume Watatu ilichapishwa Nairobi. Miaka miwili baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na tangu Februari 1977 hadi Novemba 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Kitabu cha Nairobi kikawa adimu hata Dar es Salaam, sembuse ng'ambo ya Rufiji. Na Rufiji yenyewe ni habari nyingine. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa Kilwa, Lindi au Mtwara alivuka kwa kivuko, na masika ikishika barabara ilikufa. Kipande cha kilomita 60 kutoka Ndundu hadi Somanga kilichelewa kupata lami hata baada ya daraja. Kitabu kilichofanikiwa kupita huko hakikuwa mali ya mtu mmoja. Kiliazimwa, kikahadithiwa kwa waliokuwa hawajajua kusoma, na msimuliaji hodari aliongeza chumvi pale alipoona mwandishi amebania.

Redio haikuhitaji kivuko. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, historia ya kweli ya uhalifu na kicheko katika pwani hii haimo vitabuni peke yake. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, mchezo wa kuigiza wa matapeli wawili, Rajabu Hatia akiwa Pwagu na Ali Keto akiwa Pwaguzi. Hawa ni wahalifu. Wanaiba, wanalaghai, wanapanga njama, na njama inawaangukia wenyewe. Methali iliyowazaa, pwagu hupata pwaguzi, kila mtu aliijua, kwa hiyo mwisho ulijulikana kabla ya mwanzo, na bado watu walisogeza viti karibu na redio. Msikilizaji hakusubiri kujua nani kaiba. Alisubiri kuona ataumbukaje. Ni ufundi uleule wa Westlake na mwizi wake mwenye nuksi, ila hapa ulifika kwa mkulima wa korosho na mvuvi ambao hawakuwahi kusikia jina la Mmarekani huyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja pia jarida la Sani, na Ndumilakuwili wake na Madenge wake, katuni zikikaa jirani na hadithi. Wakati huohuo waandishi wa upelelezi wa Dar es Salaam walishika njia ya damu tupu: Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Wapelelezi hao wana bastola, wana wanawake warembo, na wana taifa la kuokoa kabla ya jogoo kuwika. Muda wa kucheka hawana. Nawaheshimu wote wawili, nami niliwasoma kwa pupa kama wenzangu, lakini Willy Gamba angemkuta Bwana Msa barazani akivuta kiko, sidhani kama angemwelewa.

Waliokasirika walikuwa wahakiki. Katika enzi ya Ujamaa, wasomi wengi walitaka riwaya ijenge taifa. Riwaya ya upelelezi ilitiwa kwenye kapu la fasihi pendwa, maana yake inapendwa na wengi na haiheshimiwi na wenye vyeti. Kichekesho kiliwekwa chini zaidi ya hapo. Mwandishi wa uhalifu aliyechekesha alikuwa na makosa mawili kwa mpigo. Nadhani hapa wahakiki waliwakosea wasomaji. Mtu wa pwani amekua na vitendawili. Mtegaji anaweza kutania, kuzungusha maneno, kuchelewesha jibu mpaka watu wapige kelele, na hakuna anayemlaumu. Lakini akishapewa mji, lazima atoe jibu. Kitabu cha uhalifu kinachochekesha kinahukumiwa papo hapo: fumbo likitatuliwa sawasawa, kicheko ni nyongeza, likiachwa likining'inia kwa kisingizio cha mzaha, msomaji anajiona ameibiwa, na hatanunua cha pili.

Kilwa yenyewe haikupungukiwa na wachekeshaji. Said Ngamba, ambaye Tanzania nzima ilimjua kama Mzee Small, alizaliwa Kilwa na kufariki Juni 2014 akiwa mmoja wa waigizaji wa vichekesho waliopendwa sana nchini. Alifanya kwa mwili na sauti kile ambacho mwandishi hulazimika kukifanya kwa nukta na mkato. Bado sijaona mwandishi wa upelelezi wa huku kwetu aliyekaa chini akasema: nitamchukua mzee wa aina hii, mjanja, mbishi, mwenye jibu kwa kila swali, nimpe maiti moja na watu sita wanaoshukiwa, nione atafanya nini. Visa havikosekani. Kuna bandari, kuna mnada wa korosho, kuna watu wanaodai kujua mahali Mjerumani alipozika hazina. Nusu ya riwaya imeshajiandika.

Atakayejaribu asiogope kwamba wasomaji watamkimbia. Na wewe unayesoma hapa, kama kwenye sanduku la marehemu babu kuna Mke Mmoja Waume Watatu au Duniani Kuna Watu ya chapa ya zamani, usikiache kiishie kufungia karanga sokoni. Kipeleke maktaba ya shule iliyo karibu nawe, na kabla hujakitoa mkononi, kisome.