Wakala wa AI husoma maelezo tu, hasomi akili yako

Wadau, mkisikia "wakala wa AI", ni programu inayopewa kazi halafu inachagua yenyewe zana za kuitimiza. Undani wa zana haiuoni. Kwenye MCP, utaratibu uliotolewa na Anthropic Novemba 2024, kikubwa inachosoma ni jina la zana, maelezo yake na vitu vya kujaza. Basi.

Mimi nimelijua hilo kwa kuumia. Nilitengeneza zana ya kuwakumbusha wadaiwa wa duka moja kwa SMS, kwenye maelezo nikaandika "tuma meseji", nikaenda zangu kulala. Tarehe 05/06 wakala kaisoma Kimarekani, Mei 6, wakati deni ni la tarehe 5 Juni. Watu wakadaiwa karibu mwezi mzima kabla! Mama mmoja kaja dukani na daftari lake, kafura kweli kweli.

Siku hizi naandika: tarehe iwe 2025-06-05, namba ianze na 255, sifuri ya mwanzo itoke, ikigoma, usirudie kabla ya kuangalia kama meseji ilishatoka. Tena naandika na wakati ambao zana ISITUMIKE (wengi wanaruka hapa): aliyelipa nusu asitumiwe kitu mpaka mwenye duka aulizwe.