Mdomo wa Kiwanda

Tuliokuwapo Maskati Juni 2007 hatujasahau kimbunga Gonu. Viwanda vya Ghubra na Barka vilisimama, mabomba yakakauka, nasi tukapanga foleni na ndoo kungojea gari la maji. Hata wazee wetu, waliozoea huko Unguja maji ya chemchemi aliyoyavuta Sayyid Barghash hadi mjini, waliduwaa: bahari ipo mlangoni, na hakuna cha kunywa!

Ghubra ilianza kutupa maji ya bahari mwaka 1976. Wakati ule yalichemshwa, mvuke ukapozwa ukawa maji matamu. Gesi ilikuwapo, nani angehesabu moto? Lakini kule Los Angeles, mnamo 1960, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walikuwa wameshatengeneza utando wa kupitisha maji na kuzuia chumvi. Hapo hakichemshwi kitu. Maji husukumwa kwa nguvu mara 60 hivi ya kani ya hewa, mfano wa kukamua nazi kwenye kifumbu. Chini ya nusu hutoka matamu. Yaliyobaki, yenye chumvi kali, hurudi baharini, ila kwanza hunyang'anywa nguvu yake ili isukume maji mapya. Ndiyo maana lita 1,000 zinahitaji yuniti 3 hadi 4 tu za umeme.

Wengi hudhani kazi ngumu ni huo utando. Sisi tunaona ni mdomo, pale bahari inapoingilia. Mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009 bahari yetu ilibadilika rangi ikawa nyekundu kwa vijimea vidogo visivyohesabika. Samaki wakafa, na jirani zetu wa Imarati wakalazimika kufunga baadhi ya viwanda vya utando, kwani vijimea vile huziba kila kitu.

Sur, mji wa manahodha waliokuwa wakija kwetu na kaskazi, ilipata kiwanda chake cha utando mwaka huo huo wa 2009. Hapo maji huvutwa kutoka visima vilivyochimbwa ufukweni, mchanga na mawe yakayachuja kabla ya mashine. Si kila pwani inayokubali visima hivyo. Penginepo hutegwa mabomba baharini, kisha vipovu vya hewa huinua uchafu juu ukakwanguliwa, na mchanga wa kuchujia huwekwa kwa mikono ya watu.