Mishale Miwili ya Mhadzabe

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wameandikwa mno kama masalia ya enzi za mawe, watu waliojitenga wasiochukua kitu kwa jirani wala kumpa. Mishale yao inakanusha hadithi hiyo. Mwindaji huishika mkononi pamoja na upinde, bila podo, na katika fungu hilo moja mna mishale ya namna mbili yenye asili tofauti kabisa.

Wa kwanza ni wa mti mtupu, wa kuwindia ndege na wanyama wadogo. Mwindaji hukata ufito mnyoofu, huubambua gome, huupasha moto, kisha huubana kwa meno na kuukunja pale ulipopinda. Huinua wano usawa wa jicho, akiona kombo hurudia tena. Ncha huchongwa kwenye mti. Nyuma hufungwa manyoya, kwa mfano ya kanga au tumbusi, kwa uzi wa kano ya mnyama uliolainishwa mdomoni, ambao ukikauka hukaza wenyewe. Vyote hivi vinatoka porini na mikononi mwake. Mshale wa pili, wa wanyama wakubwa, una chembe cha chuma, na Wahadzabe hawayeyushi chuma. Walikipata kwa majirani kama Waisanzu na Wadatoga, wakitoa nyama, ngozi na asali. Siku hizi msumari hugongwa bila moto mpaka ubapae. Chembe cha sumu hupakwa utomvu wa miti uliochemshwa ukawa mzito na mweusi.

Atatokea wa kusema kwamba chuma hicho ndicho ushahidi wa utegemezi: aliyekosa tanuri alimtumikia mwenye tanuri. Hoja hiyo ina uzito, maana kwingi duniani aliyeshika bidhaa ya kigeni ndiye aliyegeuka bwana. Lakini mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza utafiti wake huko mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala yake ya mwaka 1982 jinsi wanaume walivyotumia saa nyingi katika lukuchuko, kamari ya kurusha vipande vya gome. Mishale ya chuma, sumu na visu viliwekwa dau, vikahama kutoka mkono hadi mkono na kambi hadi kambi. Hivyo chuma kilichoingilia pembeni mwa nchi yao kiliwafikia hata walioishi mbali na wafuaji, pasipo mtu yeyote kuwa tajiri wa mishale. Wahadzabe walikipokea chuma, kisha wakakitiisha chini ya desturi yao.

Ni kweli kwamba yaliyoonwa katika karne ya 20 hayathibitishi peke yake yaliyokuwapo kabla yake. Hata hivyo, desturi yenye mipaka iliyochorwa wazi namna hii haizuki kwa msimu mmoja, na mpaka ulio muhimu kuliko yote ni huu: upinde wa mtu, mfuko wake wa ngozi na mishale yake ya ndege havikuwekwa dau. Kwa maoni yangu, hapo ndipo usawa wao ulipolindwa, kwa sababu aliyepoteza chuma chote aliweza kuamka asubuhi na kuwinda chakula chake bila kumwomba mtu.