Mfumo Husimikwa, Hautekelezwi

"Methodolojia yenye muundo ya utekelezaji wa programu za biashara." Maneno hayo tisa yamo katika kijitabu cha mafunzo kilichogawiwa watumishi wa umma hapa pwani, na mimi niliyapata Jilore, kwa kijana wa ofisi ya wadi. Kazi yenyewe anaijua. Anajua kwamba mfumo mkubwa wa kompyuta, unaoshika fedha, mishahara, manunuzi na ghala la taasisi nzima, hauletwi kiholela: kuna hatua za kufuatwa, nyaraka za kutiwa sahihi, na mtu wa kuulizwa kila hatua inapokwisha. Kilichomshinda ni Kiswahili cha kijitabu. Kingemshinda mtu yeyote, kwa sababu katika tisa hayo maneno matano ndiyo yenye uzito, na yote matano yamewekwa pasipo mahali pake.

Nianze na lililo rahisi. "Biashara" halifai. Serikali ya Kaunti ya Kilifi si duka, wala hospitali ya Malindi si duka, wala chuo kikuu si duka, na zote zinatumia mifumo ya aina hii. Neno ni "taasisi", na kamati iliyoandika "biashara" ilisoma neno la Kiingereza bila kusoma ofisi ambayo neno lile linakwenda kutumika. "Muundo" nalo ni ziada, nitaeleza kwa nini.

"Methodolojia" linataka subira kidogo. Wagiriki walikuwa na *methodos*, neno lililojengwa kwa *meta*, kufuata, na *hodos*, njia. Kwa hiyo *methodos* ni kuifuata njia. Kiambishi cha *-logia* kinaongeza maana ya elimu, kama katika biolojia na jiolojia. Methodolojia basi ni elimu ya mbinu, somo linalofundishwa darasani, tena lina kazi yake halali katika tasnifu za wanafunzi. Anayefuata hatua tano ili mfumo wa mishahara ufanye kazi hafanyi elimu ya mbinu. Anafuata utaratibu. Kiswahili kilipokea shina hili kutoka Kiarabu, *tartib*, kikalilea mpaka likazaa ukoo mzima: ratibu, mratibu, ratiba, uratibu, utaratibu. Ndani ya "utaratibu" mpangilio umo tayari, kila jambo kwa zamu yake, ndiyo maana "yenye muundo" haina cha kuongeza. Nimesikia pingamizi kwamba "taratibu" ni kwenda polepole, na wataalamu wanaona aibu kuwa wapolepole. Pingamizi hilo linaniimarisha. Mradi wa namna hii ukikimbizwa huharibika, na lugha iliyofunga mpangilio na utulivu katika shina moja imewatangulia wataalamu kwa karne kadhaa.

Sasa nifike kwenye "utekelezaji", neno lililonifanya nishike kalamu.

Kutekeleza ni kutimiza jambo ambalo tayari lilikwisha kusemwa. Hutekelezwa ahadi, amri, hukumu, sera. Mtekelezaji hupokea neno akalifanya tendo. Ukiliunganisha na "programu" unaangukia shimo mara mbili. Kwanza, "programu" kwa Mswahili wa kawaida ni mpango: programu ya chanjo, programu ya lishe shuleni. Mwambie mzazi wa Jilore kwamba kaunti "inatekeleza programu", atauliza watoto wapelekwe lini. Pili, kompyuta yenyewe hutekeleza programu kila unapoifungua. Hiyo ndiyo maana ya kitenzi hicho kwa wanaofundisha uandishi wa programu kwa Kiswahili. Kwa hiyo "utekelezaji wa programu" ni mambo matatu kwa wakati mmoja: serikali inatimiza mpango, mashine inaendesha maagizo, na taasisi inaingiza mfumo mpya katika kazi zake. Istilahi inayobeba mizigo mitatu si istilahi. Neno hilo lenyewe, istilahi, latoka katika mzizi mmoja na suluhu, maslahi na salihi; ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Pasipo mapatano pana orodha ya maneno tu, na orodha za namna hiyo zimejaa makabatini.

Ninachopendekeza, na nimekipendekeza kwa miaka, ni *usimikaji*. Kitenzi ni simika.

Tazama ujenzi wake. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambapo *-am-* huonyesha kitu kuwa katika hali fulani na *-ik-* huonyesha mtu akikitia katika hali hiyo: inama na inika, angama na angika, simama na simika. Jozi hizi ni za kale mno, zimo katika lugha nyingi za Kibantu. Karibu na simama liko shina la zamani, *ima*, ambalo Kiswahili kimelibakiza katika "wima", na ambalo ndugu zetu Wamijikenda bado wanalitumia kila siku wakitaka mtu asimame. Mhubiri William Taylor wa CMS alichapa msamiati wake wa Kigiriama mwaka 1891, katika miaka ileile misheni yake ilipofungua kituo hapa Jilore; tangu hapo wageni na wenyeji wamekuwa wakiyaokota maneno ya ardhi hii na kuyaandika. Inasikitisha kwamba kamati za leo zinayaruka kwenda kuokota ya mbali.

Basi kusimika ni kukitia kitu wima mahali pake ili kisimame chenyewe. Husimikwa nguzo. Husimikwa mlingoti. Husimikwa kigango, kile kibao cha kuchongwa cha kumkumbuka marehemu mzee wa chama cha Gohu, na kila Mgiriama anajua kwamba kikishasimikwa hakihamishwi. Vile vilivyoibwa vikauzwa ng'ambo vimekuwa kesi ya dunia nzima. Jumba la makumbusho la Denver huko Marekani liliamua mwaka 2014 kurudisha 30. Kitenzi kimechukua uzito wa kuweka kwa kudumu, kwa idhini, na kwa mahali maalumu. Uzito huo ndio unaotakiwa katika mfumo wa taasisi.

Na utaratibu umo ndani ya kusimika kwenyewe. Anayejenga nyumba ya udongo Jilore huchimba mashimo, akasimika nguzo, akafunga fito, akapaua, akaezeka makuti, ndipo akakandika. Hakuna anayekandika kabla ya kuezeka, maana mvua ya kwanza itaushusha udongo wote. Kila hatua ina kitenzi chake na kila kitenzi kina zamu yake, na fundi wa namna hiyo hajawahi kusoma mwongozo. Wajerumani wa kampuni ya SAP walipotoa utaratibu wao wa ASAP mwaka 1996 waliupanga kwa hatua tano: kuandaa mradi, kuchora ramani ya kazi za taasisi, kuujenga mfumo kwa kufuata ramani hiyo, maandalizi ya mwisho ambayo ndani yake watumiaji hufundishwa na mfumo kujaribiwa, kisha kuanza kazi na kuwasaidia watumiaji. Oracle nao walikuwa na AIM, wenye hatua sita. Majina yanatofautiana, lakini zamu haibadiliki: ramani kabla ya ujenzi, majaribio kabla ya kuanza kazi.

Nchini mwetu tuna mfano ambao kila mzabuni anaujua. IFMIS, mfumo jumuishi wa usimamizi wa fedha za serikali, ulianza kuandaliwa mwaka 1998, ukaanza kutumika mwaka 2003, na mwaka 2011 Hazina ikauunda upya. Kaunti 47 zilipozaliwa mwaka 2013 zikatakiwa kulipia kila kitu humo. Katika miaka yote hiyo taarifa zilisema mfumo "unatekelezwa". Neno hilo lilificha jambo lililohitaji kuulizwa: je, umesimama? Mtu akisema nguzo imesimikwa, wewe huenda ukaisukuma kwa mkono uone. Akisema sera imetekelezwa, unasukuma nini?

Hoja hii niliiwasilisha kwa maandishi katika warsha moja ya istilahi. Haikujibiwa kwa maandishi. Ilijibiwa kwa kicheko, nikaambiwa kwamba kusimika ni kwa machifu na maaskofu. Naam, kiongozi husimikwa, na husimikwa kwa sababu nguzo ilisimikwa kwanza. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza. Tena ulinganifu wenyewe ni mzuri: askofu hasimikwi kwa kuvikwa kofia tu, bali kwa jamii kumkubali, na mfumo ambao wahasibu hawajaukubali haujasimikwa hata kama umelipiwa. Waliocheka walikuwa na muda wa kufikiri hivyo. Hawakuutumia.

Pingamizi la pili lina akili zaidi, nami nalipa haki yake. Linasema usimikaji utachanganywa na kule kuiweka programu ndani ya mashine. Lakini kitendo hicho kimeshapata neno, na watumiaji wa simu wameshalizoea: *sakinisha*, kutoka sakini, kukaa mahali, ukoo mmoja na maskani. Programu husakinishwa katika kompyuta kwa dakika chache. Mfumo husimikwa katika taasisi kwa miezi au miaka, na kusakinisha ni kazi ndogo ndani ya kusimika. Tukiyashika maneno haya mawili kila moja kwa mpaka wake, mkanganyiko unaisha.

Kuna mpinzani wangu mmoja anayeshikilia "uamilishaji". Kuamilisha ni kufanya kitu kianze kufanya kazi. Ni neno zuri kwa kadi ya simu. Lakini linakamata saa ya mwisho tu, na kuitupa miezi yote ya ramani, ujenzi, majaribio na mafunzo iliyotangulia. Nimemwambia hivyo ana kwa ana, naye ameendelea kulichapisha.

Upande wa Tanzania mambo yamekwenda mbele zaidi, na hilo linaniuma kwa kuwa pwani hii ndiyo iliyodai muda mrefu kuwa nyumbani kwa lugha. Katika maandishi ya serikali yao utakuta mifumo ya TEHAMA "ikijengwa na kusimikwa" bila mtu kuomba radhi. Walipouacha mfumo wa Epicor waliokuwa wakilipia matumizi ya serikali, mpya waliuita MUSE, kifupi cha Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Angalia walivyochagua "mfumo" na si "programu". Mfumo ni kilichofumwa, uzi kwa uzi, mpaka ukivuta mmoja kitambaa chote kinajikunja. Ndivyo ilivyo mishahara inapofungamana na bajeti na manunuzi. "Programu" haisemi hivyo.

Na zawadi ambayo sikuitafuta: anayeongoza mradi wa aina hii kwa Kiswahili ni *msimamizi*. Shina ni lilelile. Usimamizi wa usimikaji, msimamizi na msimikaji, kazi mbili zinazotambuana kwa sauti. Wako waliosema silabi zinafanana mno. Katika lugha ya upatanisho wa ngeli hiyo ni lawama ya ajabu.

Kwa matumizi: kusimika mfumo, usimikaji, msimikaji, hatua za usimikaji, utaratibu wa kusimika mifumo ya taasisi; mfumo wa zamani ukiondolewa, umeng'olewa.

Imebaki siku ambayo mfumo unaanza kazi rasmi. Nimeona "kwenda hai", na sitapoteza wino kulipinga. "Uzinduzi" ni sherehe ya wakubwa, ambayo yaweza kufanyika mfumo ukiwa bado haujalipa hata shilingi. Watumishi wenyewe husema mfumo umewashwa, na ukigoma husema umekwama au umelala. Kamati inayotaka neno la siku hiyo iende ikakae na wahasibu wa kaunti tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, iandike wanachosema.