Aliye Juu Mngoje Chini? Historia ya Jirani Anayekukanyagia Kichwani

Leo mastaa tunawaweka pembeni kidogo, tunaongelea vishindo.

Juzi nilipokea voisi noti ya dakika saba kutoka kwa dada mmoja, jina kapuni, Mzanzibari, yuko Berlin mwaka wa pili sasa. Nikajua ni mapenzi au makaratasi, maana voisi ndefu za ughaibuni huwa ni hayo mawili. Wapi! Ni jirani wa juu. Dada wa watu anafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Anarudi saa moja na nusu asubuhi, anafunga pazia, anajilaza. Saa tatu hivi dari linaanza: du du du du, mbio kutoka dirishani mpaka mlangoni, kimya, halafu du du du du kurudi. Kitu kinaangushwa. Kitu kinaburutwa. Hivyo hivyo mpaka saa nane mchana.

Wiki hiyo, akiwa kazini, alisinzia katikati ya kumgeuza bibi mmoja kitandani. Nusura wamwangushe. Mwenzake wa zamu akamwambia ikijirudia anaripoti. Na kule kazi ikienda, kibali cha kukaa nacho kinaanza kuyumba. Sasa unaelewa kwa nini mtu mzima analia kwa ajili ya vishindo.

Mimi kwa ujinga wangu nikamwambia "utazoea tu". Akanikatia simu, na nilistahili. Basi nikasema ngoja nifanye ninachokiweza mimi mtu wa form four, yaani kuchimba. Hivi binadamu walianza lini kukanyagiana vichwani?

Siku nyingi sana, kumbe. Roma ya kale, miaka kama 2,000 iliyopita, wananchi wa kawaida hawakukaa kwenye yale majumba ya kifahari unayoyaona kwenye muvi. Walipanga. Kulikuwa na majengo ya ghorofa tano, hata sita, wenyewe wakiyaita insula, yaani kisiwa. Chini maduka, juu vyumba vya kupanga. Yalikuwa yanaporomoka ovyo mpaka Kaisari Augusto akapiga marufuku jengo jipya la kando ya barabara kuzidi futi 70, kama mita 20 hivi, na baadaye Trajan akashusha mpaka futi 60.

Ila shika kitu kimoja hapa: lifti hakuna. Maji unabeba mwenyewe kwenye ngazi. Kwa hiyo mwenye hela alikaa chini, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokutana na waliopigika, mpaka yule wa chini ya vigae ambaye moto ukiwaka anakuwa wa mwisho kujua. Leo tukisikia "penthausi" tunafikiria bilionea. Kwa karne nyingi kule juu kabisa kulikuwa kwa choka mbaya.

Malalamiko yao tunayo. Mshairi Juvenal, aliyeandika karibu na mwaka 100, alilia kwamba Roma kulala ni mpaka uwe tajiri. Na kuna Seneca, mwanafalsafa, huyu alipanga juu ya bafu la umma, kwa hiyo kelele zake zilitoka chini. Aliandika barua nzima: wanaobeba vyuma wanavyohema, mtu wa kunyofoa nywele za kwapa anayewapigisha wateja mayowe, wauza soseji kila mmoja na mnada wake. Katikati ya barua anajitutumua kwamba mtu mwenye akili tulivu kelele hazimgusi. Mwisho wa barua anasema anahama. Nilicheka sana, maana huyo ni sisi kabisa.

Sasa angalia nani ameandika. Seneca ameandika. Muuza soseji hajaandika. Sijakutana na barua hata moja ya mpangaji wa juu inayosema "jamani samahani, nina watoto wanne na chumba kimoja". Historia ya kelele yote imeandikwa na waliosumbuliwa. Waliokuwa wanakanyaga hawana hata majina.

Turudi Berlin, maana ndiko dada yetu anakoteseka, na mji ule una historia yake ya kubanana. Karne ya 19 viwanda vilivuta watu kutoka vijijini kama Dar inavyovuta leo. Mwaka 1862 ukatoka mpango wa mitaa mipya, mawakala wa ardhi wakajenga majengo marefu yanayofuatana uani, ua nyuma ya ua. Kanuni ya ua ilikuwa uwe na angalau mita 5.34 kila upande. Kwa nini hiyo namba? Ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Mwanga wa mtu kusoma haukuwa kwenye hesabu. Jengo moja maarufu, Meyers Hof, lilikuwa na nyua sita na wakati wa msongamano walikaa humo watu kama 2,000. Dari zilikuwa za magogo ya mbao, katikati wanajaza udongo, mchanga au masalia ya makaa ili kupunguza sauti. Hata hao, unaona, tayari walikuwa wanapambana na mtu wa juu.

Na mpangilio ni ule ule wa Roma: tajiri ghorofa ya kwanza upande wa barabarani, maskini darini na uani. Lifti ndiyo ilikuja kupindua meza. New York ya abiria ilifungwa dukani mwaka 1857, na ya kwanza ya umeme ilioneshwa Ujerumani, Mannheim, mwaka 1880. Taratibu juu kukaanza kuwa kuzuri.

Kabla hapajawa kuzuri, kelele za mtu wa chini kimaisha zilikuwa kesi ya mtu wa juu kimaisha. Schopenhauer, yule mwanafalsafa, ndiye kiboko. Mwaka 1821 alikuwa amepanga Berlin, mama mmoja mshonaji akawa anapiga stori na wenzake nje ya mlango wake. Akawaambia waondoke, mama akagoma, jamaa akamtoa kwa nguvu, mama akaanguka. Kesi ikaenda miaka, mwisho mahakama ikaamua mwanafalsafa amlipe yule mama taler 15 kila miezi mitatu mpaka afe. Akalipa miaka mingi. Alipofariki, mwanafalsafa aliandika kijimaneno cha Kilatini cha kufurahi kwamba mzigo umeondoka. Msomi huyo! Mimi nasimama na mshonaji.

Mwaka 1908 mwanafalsafa mwingine, Theodor Lessing wa Hannover, akaanzisha kabisa chama cha kupinga kelele, na gazeti lake. Waliojiunga wengi walikuwa wasomi, madaktari, wanasheria. Moja ya kero kubwa kwao ilikuwa kupigwa mazulia uani. Sasa jiulize, nani alikuwa anapiga mazulia? Dada wa kazi. Na zulia lenyewe la nani? La hao hao wasomi. Chama kilikufa baada ya miaka michache tu.

Aliyefaulu ni mfanyabiashara. Mwaka 1907 Max Negwer wa Berlin alitengeneza vizibo vya masikio vya nta na pamba, akaviita Ohropax: neno la kwanza ni sikio kwa Kijerumani, la pili ni amani kwa Kilatini. Kafka, mwandishi aliyeteswa sana na kelele za vyumba vya kupanga kule Prague, alikuwa mteja. Bado vinauzwa mpaka leo. Dada yetu anavyo pakiti nzima, ila anasema kishindo hakipiti sikioni, kinapita kwenye godoro.

Na yuko sahihi. Sauti ya mtu anayeongea inasafiri hewani, ukuta mzito unaizuia. Kisigino kikigonga sakafu, zege lenyewe linatikisika na kuwa spika. Hata liwe zito vipi, dawa ni kuweka kitu laini kati ya sakafu anayokanyaga na zege lililo chini yake. Na hapa nyumba anayokaa inahusika.

Fleti yake iko Berlin ya mashariki, kwenye yale majengo ya paneli za zege ya enzi za ujamaa. Ujerumani Mashariki mwaka 1973 walitangaza kwamba mpaka 1990 tatizo la makazi liwe limekwisha. Paneli zikatoka kiwandani kama biskuti, kreni zikapanga, mitaa mizima kama Marzahn ikasimama. Watu waliotoka kwenye zile nyua za giza walifurahi mno: maji ya moto, choo chako mwenyewe ndani, joto la bomba. Lakini sakafu zilikuwa nyembamba na jirani akitoboa ukuta, jengo zima linajua.

Sasa Mzanzibari anayesoma hapa ameshaanza kutabasamu. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani hao wakaleta wataalamu na mitambo ya kujenga fleti, kwanza Kikwajuni, halafu yale majumba marefu ya Michenzani ambayo watu wanayaita treni. Waliobeba zege ni Wazanzibari wenyewe, wengi kwa kazi za kujitolea. Bibi yake dada yetu amekaa Michenzani maisha yake yote ya utu uzima. Mtoto wa watu ametoka kwenye fleti ya michoro ya Wajerumani, amepanda ndege, ameenda kulala kwenye fleti nyingine ya Wajerumani hao hao. Akamwambia bibi habari ya vishindo, bibi akajibu: "Mwanangu, mimi juu yangu walikuwa wakitwanga kisamvu kila Ijumaa miaka kumi na moja. Nilipanda na sahani, nikashuka na kisamvu."

Ila dada alitaka haki kwanza, na mimi ningetaka. Akaenda kuuliza. Kule kuna saa za utulivu, saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili pia, na kelele za makusudi zinaweza kukupiga faini. Tatizo lake: yeye analala mchana. Sheria inamlinda akiwa kazini. Akaambiwa aandike daftari la kelele, tarehe, saa, aina ya kelele. Akaandika siku 11, kwa Kiswahili kwanza maana hasira haitafsiriki haraka. Halafu akaambiwa mawili ya kukatisha tamaa. La kwanza, jengo linapimwa kwa viwango vya wakati lilipojengwa, sio vya leo. La pili, kelele za watoto mahakama za kule zinataka zivumiliwe kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2011 hata ilipita sheria kwamba sauti za watoto wa chekechea na viwanja vya michezo kwa kawaida zisihesabiwe kama uchafuzi, baada ya watu kushtaki chekechea. Hii sheria mimi naipenda, ingawa sikuthubutu kumwambia siku ile.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wahenga hawakukaa Berlin. Pale ukimngoja chini kuna lifti mbili na watu wa fleti 40, utamjuaje?

Jumapili akapanda mwenyewe na sahani ya visheti. Mlango ukafunguliwa na mama kijana, mgeni kama yeye ila wa nchi nyingine, Kijerumani chake cha kuungaunga, amembeba mtoto wa miaka miwili. Chekechea wamekosa nafasi tangu mwaka jana, mume anatoka alfajiri, yuko peke yake na mtoto mchana kutwa kwenye vyumba viwili. Dada akaanza hotuba aliyoifanyia mazoezi. Hakufika mbali. Mama akauliza: "Wewe ndiye wa chini? Unayecheka usiku?"

Kumbe siku zake za mapumziko dada yetu haoni usingizi usiku, mwili umezoea shifti, basi anakaa jikoni anapiga simu nyumbani, anatuma voisi noti, "eeh shoga", kicheko, mpaka saa tisa. Zege lile lile linapandisha. Mtoto anaamka, hataki kulala tena, na asubuhi anakimbia kwa uchovu. Mama wa juu naye alikuwa na daftari. Lake kwenye simu.

Nilipoambiwa hilo nilinyamaza, maana nusu ya voisi noti hizo zilikuwa zinakuja kwangu.

Walichokubaliana ni hiki: dada anamwandikia ratiba ya shifti, mama ameibandika kwenye friji, na siku za kazi mtoto anapelekwa bustanini saa tatu mpaka saa tano. Wameweka zulia nene la mitumba kwenye ile njia ya mbio. Dada amehama jikoni, anaongelea chumbani chini ya blanketi. Kazini hajaripotiwa, mpaka sasa.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha Berlin, bustani ikashindikana, mtoto akakimbia kuanzia saa tatu mpaka saa sita mchana bila kupumzika. Voisi noti niliyopata usiku ilikuwa ya sekunde 40 tu, na nilibidi niweke simu sikioni kabisa, maana alikuwa ananong'ona.