Shing'weng'we na Masala Kulangwa: hadithi na mapokezi yake

Shing'weng'we ni zimwi meza-watu katika hadithi ya Wasukuma wa Tanzania, na Masala Kulangwa ni kijana aliyeliua na kuwatoa watu tumboni mwake wakiwa hai. Hadithi hii inajulikana kote Usukumani, ukiwamo Mkoa wa Simiyu ambao makao makuu yake ni mji wa Bariadi. Imepita katika vinywa vya mabibi, kurasa za vitabu na mahubiri ya kanisani, na kila ilipohama imekutana na wasikilizaji waliokwisha kuijua. Makala hii inaieleza hadithi yenyewe, jamaa zake katika Afrika, na namna hadhira inavyompokea anayeigeuza. Mapokezi hayo yanalinganishwa na yale ya filamu za kutafsiriwa na ya tamthilia za televisheni zilizotokana na vitabu vya fantasia.

Jina

Katika Kisukuma, masala ni akili, na kulanga ni kufundisha. Jina Masala Kulangwa kwa hiyo linabeba akili na kufunzwa kwa pamoja, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa mwerevu, mtu mwepesi wa kuelewa. Jina hilo linakwenda na mwenendo wa kijana huyo: halijui zimwi analolitafuta, na analifahamu kwa kukosea na kusahihishwa na mama yake.

Muhtasari

Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalimika mwanamke mmoja tu, mjamzito, aliyejificha ndani ya lundo la makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi, na mama akamweleza kwamba wamemezwa. Kijana akaanza kuwinda. Kila alichokiua, tangu panzi na ndege hadi swala, alimletea mama yake akidhani amelipata zimwi, na kila mara mama akamjibu kwamba bado. Hatimaye akalikuta Shing'weng'we lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wazima.

Katika kupasua huko, kijana alimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliomezwa. Bibi hakuona amekombolewa; aliona amekatwa sikio. Akaghadhibika, akataka kumroga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akaipata, akamponya. Baada ya hapo watu wakamtawaza kuwa mtemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Mahali na usimulizi

Mkoa wa Simiyu, uliopewa jina la Mto Simiyu unaotiririka hadi Ziwa Viktoria, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Wasukuma wa upande wa Bariadi huitwa Wanyantuzu, kutokana na eneo la kale la Ntuzu. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, na ndiyo maana vitu vya hadithi hii havihitaji kuelezwa huko: makapi ni yale yanayobaki baada ya kupepeta, na mtoto anayetoka kuwinda panzi anapatikana katika kila kaya.

Jadi ya Wasukuma ilikuwa na mahali maalumu pa kufunzia vijana. Shikome, moto wa jioni uliowashwa katika ua wa ng'ombe, iliwakusanya wanaume na wavulana. Hapo ndipo mambo ya ukoo, mafumbo na habari za kale zilipotolewa. Watoto wadogo walisikia ngano kwa bibi zao. Kwa istilahi za fasihi simulizi zinazofundishwa katika shule za sekondari, msimulizi huitwa fanani na wasikilizaji huitwa hadhira. Na hadhira ni mshiriki. Katika hadithi ya Masala Kulangwa, sehemu ya kuwinda imejengwa kwa ajili ya ushiriki huo. Mtoto aliyeisikia mara mbili anajua kwamba panzi siye, na utamu wake uko katika kumngoja mama aseme.

Hadhira ya Kisukuma kama hakimu

Mahali ambapo uwezo wa hadhira ya Kisukuma unaonekana wazi zaidi ni katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu. Makundi haya mawili hunasibishwa na waganga wawili mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, kundi moja la kila upande hupiga na kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji huhama kutoka upande huu kwenda ule, na miguu yao ndiyo kura. Kwa sababu hiyo makundi hutumia kila njia kuwavuta: nyimbo za kuwasema wapinzani, vituko, wanyama na dawa ya mvuto inayoitwa samba.

Mashindano hayo huchezwa katika mikoa yote ya Usukumani. Sherehe yake kubwa inayojulikana zaidi ni Bulabo, inayofanyika katika kituo cha Bujora karibu na Mwanza wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Kituo hicho kilianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, katika miaka ya 1950. Mtazamaji aliyelelewa katika uwanja wa namna hiyo anajua kwamba fanani akichosha, upande wa pili wa uwanja upo.

Jamaa za hadithi

Zimwi linalomeza kijiji kizima, na mtoto wa mwanamke aliyesalimika anayekuja kulipasua, ni kisa kilichoenea katika lugha nyingi za Kibantu. Alice Werner alikusanya mifano yake katika kitabu chake cha ngano za Wabantu cha mwaka 1933.

Kwa Kiswahili, jamaa yake wa karibu ni Nunda mla watu, anayepatikana katika hadithi ya Sultani Majinuni. Askofu Edward Steere aliichapa katika mkusanyo wake wa ngano za Zanzibar wa mwaka 1870. Nunda ni paka wa sultani aliyeachwa akanenepa kwa kuku na mbuzi za watu, hata akaanza kula watu wenyewe. Mtoto wa mwisho wa sultani anatoka kumsaka, na kama Masala Kulangwa anamletea mama yake mnyama baada ya mnyama, kuanzia mbwa hadi tembo, kabla ya kumpata nunda mwenyewe. Mwaka 1901 Andrew Lang aliitia hadithi hiyo katika kitabu chake cha ngano kwa watoto wa Uingereza.

Kwa Wasotho wa kusini, zimwi ni Khodumodumo na shujaa ni Senkatana. Huko waliookolewa wanageuka kumchukia mwokozi wao, wanamtegea mitego mara kadhaa, na mwishowe anakufa mikononi mwao. Mwandishi S. M. Mofokeng aliigeuza kuwa tamthilia ya jukwaani, Senkatana, iliyochapishwa mwaka 1952. Tofauti hii ina uzito. Hadithi zote mbili zinakiri kwamba mtu aliyetolewa tumboni mwa zimwi anaweza kulalamika. Wasotho waliyapeleka malalamiko hayo hadi kifo; Wasukuma waliyamaliza kwa dawa.

Kuhamia kanisani

Mageuzi ya hadithi hii yaliyojulikana zaidi nje ya Usukuma ni ya kidini. Mapadri wawili wa shirika la Maryknoll, Joseph Healey na Donald Sybertz, waliokusanya methali na ngano za Wasukuma kwa miaka mingi, waliitumia katika kitabu chao cha teolojia ya masimulizi ya Kiafrika kilichotoka mwaka 1996. Katika usomaji huo Masala Kulangwa anakuwa mfano wa Kristo aliyeshinda mauti, mama yake anakumbusha Bikira Maria, na tumbo la zimwi linakuwa kaburi.

Mageuzi hayo yalifaulu kwa sababu hayakuhitaji kubadili tukio lolote. Kilichobadilika ni maana tu. Msikilizaji aliyekuja kanisani na hadithi yake aliikuta nzima, pamoja na bibi na sikio lake, na akaongezewa tafsiri juu yake.

Filamu za kutafsiriwa

Kwa wakazi wengi wa miji ya Kanda ya Ziwa, hadithi za kigeni za mazimwi na mashujaa zilifika kwa njia ya banda la video, na sauti yake haikuwa ya mwigizaji. Ilikuwa ya mtafsiri. Nchini Tanzania aliyeipa kazi hii jina ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, anayejulikana kama Lufufu. Mtafsiri hushusha sauti ya filamu na kuweka yake: hueleza kinachotokea, hueleza desturi ngeni kwa mifano ya nyumbani, huwapa wahusika majina ya utani, hutania. Kenya kazi hiyo ilimkuza DJ Afro, na Uganda VJ Jingo. Mtafiti Matthias Krings wa Ujerumani aliyeichunguza kazi hii Tanzania aliifananisha katika kichwa cha makala yake na kugeuza wali kuwa pilau.

Mfano huo wa jikoni unaeleza pia mapokezi. Mlaji wa pilau halalamiki kwamba wali umetiwa viungo. Hulalamika viungo vikiwa vibaya. Mteja wa filamu hizi hutaja jina la mtafsiri kabla ya jina la filamu, na filamu ileile ikisimuliwa na watu wawili huhesabiwa kuwa mbili.

Mabanda hayo yalizaa pia kanuni iliyoingia katika usemi wa kila siku: stelingi hafi. Stelingi ni shujaa mkuu wa filamu. Anaweza kupigwa, kufungwa na kudhaniwa amekufa, lakini mtazamaji hana wasiwasi naye. Masala Kulangwa ni stelingi kwa maana hiyo kamili.

Televisheni nayo imezigeuza ngano za Afrika moja kwa moja. Tinga Tinga Tales, katuni iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, ilichorwa Nairobi kwa mtindo wa picha ulioasisiwa na Edward Said Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, na visa vyake vilitokana na ngano za wanyama.

Ulinganisho: Game of Thrones

Tamthilia ya Marekani ya Game of Thrones, iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin, ndiyo mfano wa dunia wa hadhira inayomshtaki fanani. Ilianza tarehe 17 Aprili 2011 na kumalizika tarehe 19 Mei 2019, sehemu 73 katika misimu minane.

Msimu wa kwanza uliua kanuni ya mabandani: Ned Stark, aliyeonekana kuwa stelingi, alikatwa kichwa kabla ya msimu kwisha. Waliosoma kitabu cha kwanza, kilichochapishwa mwaka 1996, walijua tangu mwanzo. Mwaka 2013, ilipokaribia sehemu ya harusi iliyogeuka mauaji, baadhi yao waliwapiga picha za video jamaa zao wasiojua ili kunasa mshtuko wao. Furaha hiyo ni ndugu wa furaha ya mtoto anayejua kwamba panzi siye.

Mambo yaligeuka pale tamthilia ilipovipita vitabu, kwa kuwa cha tano kilitoka mwaka 2011 na cha sita hakikutoka. Msomaji hakuwa tena na alichokijua, na watengenezaji David Benioff na D. B. Weiss hawakuwa tena na kitabu cha kuwashika mkono. Msimu wa nane, ambamo malkia Daenerys anauteketeza mji uliokwisha kusalimu amri, ulizusha ombi la kutaka utengenezwe upya na waandishi wengine. Ombi hilo lilipata saini zaidi ya milioni 1.8. Hata hivyo, mwaka 2019 msimu huo ulitunukiwa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora.

Wakosoaji wengi wa msimu huo hawakulalamikia tukio lenyewe. Walilalamikia haraka: malkia alifika kwenye ukatili kabla hawajaona hatua za kumfikisha. Kwa lugha ya ngano ya Kisukuma, fanani alitoka kwa panzi akaenda moja kwa moja kwa zimwi, akaruka ndege na swala. Zile safari za bure za Masala Kulangwa, zinazoonekana kama marudio ya kuwafurahisha watoto, ndizo zinazomfanya msikilizaji akubali kwamba kijana huyu sasa anaweza kuua zimwi.

Sikio la bibi

Wafasiri wa hadithi huweza kumsoma bibi kizee kama mfano wa mtu asiye na shukrani, na usomaji huo una msingi: watu wote wametolewa, naye anataka kuloga kwa ajili ya sikio. Lakini hadithi haimwachi hapo. Sikio lilikatwa kweli, na aliyelikata ni mwokozi mwenyewe, katika kazi njema aliyoifanya kwa silaha kali. Masala Kulangwa hamwambii bibi ashukuru kwamba yu hai. Anatafuta dawa.

Mpangilio wa matukio unaeleza msimamo wa Wasukuma kuhusu anayeshika hadithi au nchi ya wengine. Kuua zimwi hakukumpa kijana utemi. Watu walimtawaza sikio lilipokwisha kupona.