Umri wa Gari na Moshi Wake

Coaster nyingi zinazopakia abiria Makumbusho kwenda Bagamoyo ziko hapa kwa sababu ya sheria ya ukaguzi wa magari. Sheria yenyewe si yetu. Ni ya Japani.

Huko, chini ya sheria ya mwaka 1951, gari halitembei bila kufaulu ukaguzi uitwao shaken. Gari dogo jipya hupimwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Hadi 1995, lililozidi miaka 10 lilipimwa kila mwaka. Ukaguzi una gharama, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake hupanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora aliachie. Na mnunuzi yupo: nchi zinazoendesha kushoto, zenye usukani kulia, zisizo na fedha za gari jipya. Tanzania iliruhusu daladala za watu binafsi mwaka 1983, na mwaka uliofuata ikawaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mlango ukafunguka.

Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani zilipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yaliyozidi kiwango cha masizi. Gavana Ishihara Shintaro alikuwa akionyesha watu chupa ya plastiki yenye masizi ya magari hayo. Wenye magari walibaki na njia tatu: kufunga kichujio, kununua jipya, au kuliuza mbali. Kwangu mimi hiyo ni historia ya pwani yetu pia, ingawa darasani hatukuisoma.

Magari ya petroli yana kisa chao. Ndani ya bomba la moshi kuna kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita masega, kwa sababu kina vitundu kama sega la nyuki. Kimepakwa madini ghali, platinamu na wenzake, na kazi yake ni kupunguza sumu kwenye gesi kabla haijatoka nje. Risasi ikiwemo kwenye petroli, masega yanakufa. Japani iliachana na petroli ya risasi miaka ya 1980. Sisi, pamoja na nchi nyingine za Kusini mwa Sahara, tulikubaliana Dakar mwaka 2001 na kuiacha kufikia mwanzo wa 2006. Kwa hiyo Corolla iliyoshuka bandarini mwaka 1996 na masega yake mazima ilianza kuyaua ilipojazwa mafuta mara ya kwanza.

Leo risasi haipo, na tangu 2015 Afrika Mashariki imeiwekea dizeli kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni. Mafuta yamekuwa safi, na masega yanang'olewa. Fundi mmoja wa Bagamoyo nilipomwamkia na kumuuliza, hakuficha.

"Marahaba, mdogo wangu. Mtu anakuja, gari halivuti, masega yameziba. Mapya hayawezi. Nayatoa, naweka bomba tupu. Yale ya zamani yana wanunuzi wake. Trafiki hachungulii humo."

Na kweli hachungulii. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa polisi mamlaka ya kukagua gari, lakini ukaguzi tunaoujua, ule wa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, ni wa macho na mikono: taa, matairi, breki, honi. Viwango vya moshi vimo katika kanuni za ubora wa hewa za 2007. Trafiki wa Bunju au Kerege hana mashine ya kuchomeka kwenye bomba.

Badala ya kupima moshi, tumehesabu miaka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Sisi tunaruhusu, ila tunatoza: bajeti ya 2014/15 ilishusha umri wa kuanza kulipa ushuru wa uchakavu kwa magari madogo kutoka miaka 10 hadi 8. Ninaelewa kwa nini. Umri unasomeka kwenye karatasi. Lakini ushuru huo unalipwa mara moja, bandarini. Baada ya hapo gari linaweza kuzeeka miaka 20 mingine likifuka moshi Zinga na Kiromo, na hakuna anayeliuliza. Na asiyemudu ushuru hununua lililokwisha kupita mikono minne humu humu nchini.

Nataka moshi upimwe. Najua pia nani ataumia kwanza: mwenye pikapu ya kubeba samaki alfajiri, si mwenye gari la mwaka jana. Uganda walijaribu kukagua kila gari kupitia kampuni ya SGS. Wenye magari wakalalamikia ada, na Bunge likausimamisha mpango huo mwaka 2017. Ukaguzi wa namna hiyo ukija kwetu bila mkopo wa masega au nafuu ya vipuri, utaitwa kodi, na mimi nitashindwa kubisha.

Mashine za kukagulia magari si ngeni nchini. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinazo, Mabibo. Kutoka Bagamoyo ni kilomita 60 hivi. Pikapu ya samaki itafika, ikitutolea moshi njia nzima.